Hilux Vigo dabo kebini, muziki wa kiwandani umechoka, nianze na kipi?

MzigoNjombe:
Wakuu habari za muda huu. Nina Hilux Vigo ya 2012 dabo kebini, dizeli, ndio inayoniweka mjini maana natoa viazi Njombe nashusha Dar, kwa hiyo humo ndani nakaa masaa mengi kuliko nyumbani. Shida ni muziki. Redio ni ile ile iliyokuja na gari, haina hata bluetooth, nikiwa kwenye foleni inasikika vizuri tu ila nikishaingia barabara kubwa nikafika 90 au 100 injini inanguruma, upepo, matairi, naongeza sauti mpaka spika za mlangoni zinaanza kukoroma na maneno ya wimbo siyasikii tena. Ya mbele kushoto ndio mbaya zaidi, nikigusa plastiki ya mlango naisikia inatetemeka kwenye vidole.

Nimepita duka moja Kariakoo wakaniambia dawa ni sabufa ya inchi 12 na amplifaya ya wati 3000, boksi likae nyuma ya siti. Sasa nyuma ya siti kwenyewe hakuna nafasi ya maana na siti yenyewe inakaa watu. Nina laki 8 ya kuanzia. Mliowahi kufanya hii kitu naombeni muongozo, na je betri itahimili?

FundiWaya_AR:
Karibu mkuu. Hiyo ya wati 3000 achana nayo, nakuelezea kwa nini.

Gari lako ni volti 12, injini ikiwaka unapata kama 14. Wati 3000 gawa kwa 14 unapata zaidi ya ampia 200, na hapo bado hujatoa zile zinazopotea kama joto. Altaneta, ile inayozalisha umeme injini ikiwaka, kwa pikapu ya kawaida haina hizo ampia, na hizo ilizonazo inalisha taa, feni ya AC na kuchaji betri. Sasa ukirudi dukani iombe hiyo amplifaya, igeuze uangalie fyuzi zilizochomekwa ubavuni. Ukikuta mbili za 30, jumla 60, zidisha kwa 14 unapata 840, huo ndio umeme wote unaoweza kuingia bila fyuzi kukatika. Na amplifaya nyingi za kawaida zinatoa kama nusu tu ya kinachoingia, kwa hiyo umebaki na mia nne na kitu. Boksi limeandikwa 3000 lakini fyuzi haidanganyi.

Unachotafuta ni wati za RMS, ndio wati ambazo kifaa kinatoa muda wote bila kupasua sauti. Hata redio zilizoandikwa 50x4, kwa RMS kila spika inapata kama 15 mpaka 20 hivi. Ndio maana yako inakoroma, imeishiwa nguvu na bado unaidai.

Kwa matumizi yako chukua amplifaya ndogo ya chaneli 4 (yaani inaendesha spika nne) yenye RMS 50 mpaka 75 kila chaneli kwa omu 4, ndio ukinzani wa spika nyingi za gari, inatosha kabisa kupanda juu ya kelele ya barabara.

BintiKitonga:
Naunga mkono ila kaka yangu kabla ya amplifaya anza na milango. Naendesha pikapu hii njia yako ya Iringa na hakuna kitu kilichobadilisha muziki wangu kama milango, yaani watu wanaruka hii hatua kwa sababu haionekani kwa macho.

Ukifungua lile plastiki la ndani utakuta bati lina matundu makubwa yamezibwa na nailoni tu. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma, ile ya nyuma inatokea kwenye hayo matundu inakutana na ya mbele, besi inakufa hapo hapo. Halafu bati la nje ni jembamba, ligonge na kifundo cha kidole usikie linavyolia kama debe tupu. Nunua zile shiti nyeusi za mpira wa butili zenye karatasi ya alumini juu, safisha bati kwa spiriti mpaka vumbi na grisi viishe, bandika kipande nyuma ya spika kwanza, vingine kwenye bati la nje, halafu ziba matundu yote ya ndani. Kandamiza kwa rola mpaka ile nakshi ya alumini ilale kabisa, ukibandika kwa mkono tu jua la Dodoma litaibandua. Usizibe vile vitundu vidogo vya chini kabisa mlangoni, vile vinatoa maji ya mvua yanayoshuka na kioo, ukiziba mlango unaoza.

Ukishamaliza funga mlango usikie unavyolia, ni gari lingine. Na kelele ya barabara inapungua kidogo, kwa hiyo sauti yenyewe huhitaji kuipandisha sana. Mbele weka spika nzuri zenye twita (kaspika kadogo ka sauti nyembamba) pembeni, za nyuma ziache kwanza, wewe ndio unaendesha.

MzigoNjombe:
Ahsanteni sana, dada nimekuelewa hapo kwenye matundu. Maswali mawili. Redio nibadilishe au niiache? Na sabufa niisahau kabisa? Maana besi naipenda jamani.

FundiWaya_AR:
Redio unaweza kuiacha kama una amplifaya inayopokea waya za spika moja kwa moja, zipo, unagawa waya nyuma ya redio unapeleka kwenye amplifaya. Ila wewe unataka bluetooth kwa hiyo badilisha. Mwambie fundi asikate waya za gari hata mmoja. Toyota ina soketi mbili nyuma ya redio, ya pini 10 na ya pini 6, na adapta zake zinauzwa bei ndogo tu, unachomeka na siku ukiuza gari unarudisha redio ya zamani. Fundi anayeanza kwa kushika koleo ya kukatia ondoka na gari lako.

Sabufa usiisahau, tafuta zile bapa za inchi 8 zenye amplifaya yake ndani, zinaingia chini ya siti. Pima kwanza kwa futi kutoka kapeti mpaka chuma cha siti, siti ikiwa imekaliwa na mtu, siyo tupu. Kebini ni ndogo, kwa hiyo inchi 8 humo ndani inafanya kazi ambayo kwenye basi isingeweza.

SautiYaPwani:
Salaam aleikum. Niko Mombasa, mimi nasema habari ya waya maana hapa ndipo gari huungua. Waya mkubwa utoke moja kwa moja kwa betri, na fyuzi yake iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi. Fyuzi ile ni ya kulinda waya, siyo amplifaya. Ukiweka fyuzi ndani karibu na siti na waya ukachubuka pale unapopita kwa bati la injini, hakuna kitu cha kukata umeme.

Pili, waya nyingi sokoni ni alumini iliyopakwa kopa (shaba) juu. Kata ncha, chukua nyuzi moja uikwangue kwa kisu, ukiona nyeupe ndani hiyo si kopa tupu. Si haramu kuitumia, ila inapitisha umeme kidogo kuliko kopa kwa hiyo panda saizi moja.

Tatu, athi, ule waya wa kurudisha umeme kwa bodi ya gari. Pikapu bodi imekalia chesesi kwa mipira, haijachomelewa pamoja kama gari dogo, kwa hiyo usifunge athi kwa chesesi ukategemea. Funga kwa bati la kebini, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu maana hewa yetu ya chumvi haina huruma. Ongeza na waya mnene kutoka nega (hasi) ya betri mpaka bodi. Ukisikia mlio unaopanda kila ukikanyaga mafuta, chunguza hapo kwanza. Waya wa umeme upite upande mmoja, za sauti upande mwingine.

BintiKitonga:
Na fundi akimaliza hakikisha chanya na hasi hazijapishana. Kabla plastiki halijarudi gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwenye waya za spika, chanya kwa chanya, karatasi ya spika itaruka nje. Ikiingia ndani, waya zimegeuzwa, na spika moja ikiwa imegeuzwa besi haipo hata ukinunua ya milioni.

FundiWaya_AR:
Sahihi kabisa. La mwisho mkuu, geini ya amplifaya, kile kitufe cha kuilinganisha na nguvu ya redio, siyo volumu. Ishushe mpaka mwisho, besi na treble za redio weka sifuri, panda redio mpaka robo tatu, halafu fungua geini taratibu mpaka usikie sauti inaanza kupasuka, rudi nyuma kidogo, acha hapo. Filta ya spika za mlangoni kata chini ya hezi 80, ile besi nzito iachie sabufa. Betri ikiwa nzima itahimili bila shida, ila ukipaki unapakia viazi usipige muziki masaa matatu injini imezimwa.

MzigoNjombe:
Nimeandika yote kwenye daftari. Wiki hii naanza na shiti za milango na spika za mbele, nikishusha mzigo ujao amplifaya. FundiWaya, adapta ya hizo soketi nitaipata Gerezani pale Dar au niagize?

FundiWaya_AR:
Gerezani utapata. Nenda na picha ya soketi zako kwenye simu.