Simu ikiita, chaneli tatu za dishi zinakatakata. Nianzie wapi?

Mleta uzi: Habari zenu wakuu. Nina dishi, kebo ya RG6 kama mita 25 yenye kiungo kimoja katikati, halafu spilita ya njia tatu (natumia mbili). Chaneli nyingi ni safi, ila tatu zinakatakata mtu akipigiwa simu pale sebuleni. Kipimo cha nguvu ya mawimbi hakitikisiki, ubora ndio unaporomoka. Dishi nimelizungusha mpaka nimechoka. Ninunue busta?

Kipepeo75: Busta iache kwanza. Itakuza mawimbi ya dishi pamoja na takataka zote zilizoingia njiani. Vichwa vya kebo ni vya kuzungusha kwa mkono au vya kubana kwa mashine?

Mleta uzi: Vya kuzungusha.

NyuziBati: Mchawi huyo hapo. Mawimbi ya LNB (kile kifaa cha kupokelea kilicho mbele ya dishi) hushuka kwenye kebo yakiwa kati ya 950 na 2150 MHz. Simu za masafa ya 1800 zimo humohumo, na zile za DECT (simu za nyumbani zisizo na waya) pia, 1880 hadi 1900. Hizo chaneli zako tatu zimeangukia jirani nazo, ndiyo maana nyingine hazina shida. Wavu wa kebo, zile nyuzi zinazouzunguka waya wa kati, ukishikwa pande zote, simu haina pa kupenya. Kichwa cha kuzungusha huushika hapa na pale, kikilegea basi una antena nyingine.

Ukivibadilisha, chuna ganda la nje bila kukata nyuzi za wavu, uzikunje nyuma. Uzi mmoja tu ukigusa waya wa kati, umepiga shoti. Sponji nyeupe iishie sawa na sakafu ya kichwa, waya wa kati utokeze milimita 2 au 3. Kaza kwa vidole, kisha spana kidogo tu.

FundiMstaafu: Na mdomo wa tatu wa spilita umeuacha wazi? Weka kizibo cha omu 75, kile kinachozuia umeme. Kama spilita inapitisha volti 18 za LNB, kizibo cha kawaida kitakula zaidi ya wati 4, utakigusa mara moja tu.

Mleta uzi: Mrejesho wakuu. Nimepitisha simu inayoita kwenye kila kiungo, dogo akiangalia kipimo. Nilipofika kile cha katikati akapiga kelele: ubora kutoka 70 hadi 20! Nimekifungua, maji yamedondoka, wavu umekuwa unga wa kijivu. Nimevuta kebo mpya isiyo na kiungo. Chaneli mbili zimepona, moja bado inakwama.

NyuziBati: Vichwa vya nyuma ya TV umeshabadilisha?

Mleta uzi: Bado mkuu, mashine ya kubania ni ya kuazima, naipata kesho.