Fuko kwenye ukoka: mtego, sumu au maji?

Mwana Sahare: Salaam wote. Tangu masika yaanze, kila nikiamka nakuta vifusi vipya vya udongo kwenye ukoka wangu. Na mihogo ya uani inanyauka. Ukivuta shina, chini hamna kitu. Dukani wananishauri sumu, jirani anasema mtego, shemeji anasema nimwage maji shimoni. Nina watoto wadogo na kuku. Nishike lipi?

Mkulima wa Pongwe: Kaka, kwanza jua ni nani. Fuko huziba tundu lake. Shimo likikaa wazi usiku kucha, huyo ni panya au panya buku, na dawa yake ni nyingine. Kama ni fuko, mimi ni mtego tu. Usitege kwenye kifusi. Choma ardhi kwa nondo nyembamba katikati ya vifusi viwili vipya. Ikizama ghafla, umeipata njia. Fukua hapo. Mwanga na upepo vikiingia, lazima aje kuziba. Weka tanzi ndani ya njia, ulifunge kwenye fimbo mbichi uliyoipinda juu, na kizuizi kidogo cha kuishikilia. Akisukuma udongo, kizuizi kinatoka, fimbo inafyatuka. Tega pande zote mbili, hujui atatokea upi.

Mama Bustani, Nguvumali: Maji nayapinga kabisa. Udongo wetu wa pwani ni mchanga, unayanywa yote, na chumba anacholala kiko chini kuliko njia anazotafutia chakula. Utaishia kulipa bili.

Msambaa: Kwetu Lushoto wazee hupanda kichaka cha utupa pembezoni mwa shamba. Hamuui, ila wapo wanaosema humsogeza. Ubaya wake, anaweza kusogea kwa jirani. Na majani yasifike mtoni wala kwenye bwawa, maana yanaua samaki.

Bwana Shamba Mstaafu: Mwanangu, kwenye nyumba yenye watoto sumu iache. Zinki fosfaidi, ile sumu ya panya, ikifika tumboni inatoa gesi, na hospitali hawana dawa ya kuipinga, wanatibu dalili tu. Kuku akidonoa chambo umempoteza. Vile vidonge vya kufukiza ndiyo kabisa: gesi yake hupenya udongo hadi chumbani watu wamelala. Halafu kuna ushauri wa Ulaya unaozunguka mitandaoni, eti ua funza wa ardhini fuko akose chakula. Fuko wa kule anakula minyoo na wadudu. Huyu wetu ni wa jamii ya panya, anataka mizizi na viazi. Ukiua funza hujamgusa.

Mama Bustani, Nguvumali: Shikamoo Bwana Shamba, umenena. Niongeze: tuta la viazi unaweza kulitandikia wavu wa kuku chini kabla ya kupanda. Kwa uwanja mzima ni gharama mno.

Mwana Sahare: Ahsanteni sana. Nategea mtego. Tanzi nitumie waya gani?

Mkulima wa Pongwe: Wa breki ya baiskeli, haukatiki. Na ukimnasa mmoja usiung'oe mtego, njia ikibaki tupu mwingine huhamia.