Mjadala: Pesa za harambee zinunue jina au zinunue gitaa?

Wadau wa gitaa hapa Nairobi, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Makanisa, shule na bendi za vijana hununua vyombo kwa pesa za mchango. Harambee ikishapita kamati hukaa, na mara nyingi kinachotangulia mezani ni jina: Fender, Gibson, na siku hizi PRS, zote kampuni za magitaa za Marekani. Kuna wanaosema mali ya umma iwe ya jina, idumu na iheshimike. Mimi niko upande wa pili. Pesa za watu zisinunue jina. Zinunue gitaa lililoundwa vizuri, la kampuni yoyote ile, na fungu libaki kwa amplifaya na fundi.

Huo uaminifu kwa jina tunaoutetea hadi kugombana haujawahi kutulia mahali pamoja, hata kwa wale tunaowaiga.

Mtazameni Leo Fender mwenyewe, mwanzilishi wa Fender. Gitaa lake la Stratocaster lilitoka mwaka 1954. Januari 1965 kampuni yake ikauzwa kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, kwa dola milioni 13. Baadaye wapigaji wakalalamika kwamba kazi imeshuka, na magitaa ya kabla ya CBS yakaanza kusakwa kwa bei ya juu. Leo Fender hakustaafu. Miaka ya 70 alikuwa kampuni ya Music Man, kisha akaingia nyingine, G&L, na kuendelea kuunda magitaa huko mpaka alipofariki mwaka 1991. Basi mtu aliyejiita wa Fender mwaka 1982 alikuwa mwaminifu kwa nani? Mzee aliyelibuni gitaa alikuwa kwenye karakana nyingine, akiuza kwa jina jingine. Kilichobaki ni maandishi tu. Ndipo mwaka 1985 wafanyakazi wa Fender wakainunua kampuni kutoka kwa CBS na kuanza kuijenga upya.

Gibson nayo imepita mikono kadhaa. Miaka ya 70 ilikuwa chini ya kampuni ya Norlin, mwaka 1986 ikapata wenyewe wengine, na mwaka 2018 ikaomba mahakama ya Marekani iikinge na wadai wake. Nembo haikubadilika katika misukosuko yote hiyo.

Wajapani waliingia hapo katikati. Ibanez iliiga maumbo ya Gibson kwa ustadi hata mwaka 1977 Norlin ikaipeleka mahakamani kampuni iliyokuwa ikiyauza Marekani, kisa kikiwa umbo la kichwa cha gitaa. Wakapatana nje ya mahakama. Fender ilichukua njia nyingine: mwaka 1982 ikaanza kuunda huko huko Japani magitaa ya bei nafuu kwa jina la Squier. Anayedharau Squier leo akumbuke kwamba yale ya mwanzo kutoka Japani yanatafutwa na wapigaji wanaojua wanachokitafuta.

Na hao mashujaa wetu? Eric Clapton alivuma katikati ya miaka ya 60 akiwa na Les Paul ya Gibson, akahamia Stratocaster. Lile gitaa lake jeusi lililopewa jina Blackie aliliunganisha kutoka kwa Stratocaster kuukuu kadhaa, na mwaka 2004 liliuzwa mnadani kwa dola 959,500. Eddie Van Halen alijiundia la kwake kwa vipande, umbo la Stratocaster na pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya Gibson, kisha kwa miaka iliyofuata akapitia Kramer, Music Man na Peavey kabla ya kuwa na jina lake mwenyewe chini ya Fender. John Mayer alitoka Fender akaenda PRS, na mwaka 2018 likatoka gitaa lenye sahihi yake ambalo ukiliangalia tu unajua limetokana na Stratocaster. Hawa wote walifuata mkono unavyoridhika, na pia mikataba inavyolipa. Siwalaumu hata kidogo. Ninachouliza ni kwa nini kamati ya vijana ilinde uaminifu ambao wenyewe hawakuushika.

Hapa kwetu hali ilikuwa wazi zaidi. Chukua Les Wanyika, waliojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, au Shirati Jazz ya D. O. Misiani. Solo inaongea, ridhimu inajibu, besi inatembea chini yao, na uzuri wote uko katika kupishana. Enzi zile vyombo mara nyingi vilikuwa vya mwenye bendi au vya klabu. Mpigaji akihama, gitaa alikuwa akiliacha na kukuta jingine aendako. Mikono yake alikuwa akihama nayo, na mashabiki walimjua kwa hiyo.

Sisemi magitaa yote ni sawa. Fender nyingi zina urefu wa uzi wa milimita 648, Gibson nyingi karibu 628, na hizo milimita 20 vidole vinazisikia, maana kwa sauti ile ile uzi mrefu hukaza zaidi. Pikapu ya koili moja hung'aa na kukata, inafaa sana benga na rumba. Ile ya koili mbili, aliyoibuni Seth Lover pale Gibson katikati ya miaka ya 50, ni nene na haivumi kwa umeme. Hizo ni tofauti za kweli. Ila leo zote zinapatikana kwa Yamaha, Ibanez, Cort, Squier na Epiphone, ambayo ni mali ya Gibson tangu mwaka 1957. Hao Cort wana kiwanda Indonesia ambacho pia huundia kampuni nyingine magitaa, yakiwemo ya PRS ya daraja la SE, lile la bei nafuu. Kwa hiyo majina mawili unayoyagombanisha dukani huenda yametoka chini ya paa moja.

Hata mbao zilibadilika. Mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya miti ya jamii ya Dalbergia, inayotumika kwenye magitaa, iliwekewa vibali (mpingo wetu umo katika jamii hiyo hiyo), na Fender ikahamishia mti mwingine, pau ferro, kwenye ubao wa vidole wa magitaa mengi yanayoundwa Meksiko. Vyombo vilivyokamilika viliondolewa masharti hayo mwaka 2019. Walionunua katikati walipata jina lile lile na ubao tofauti.

Ukienda Moi Avenue au Luthuli kununua, acha macho yako kwenye nembo kwa muda. Pitisha kiganja kando ya shingo, juu hadi chini. Freti, vile vyuma vya shingoni, zikikukwaruza, ubao umekauka na kusinyaa, jambo la kawaida kwa gitaa lililotoka kwenye unyevu wa Pwani na kukutana na Januari ya huku. Fundi mwenye tupa hulimaliza. Kisha tuni uzi wa tatu, uvute juu kwa kidole, uuachilie, usikilize. Ukirudi umepanda au umeshuka, pengine unakwama pale unapopita kuingia kichwani, kwa sababu mfereji wake umechongwa vibaya. Nayo ni kazi ya fundi, tena ya muda mfupi. Nimekuta kasoro hizi kwenye magitaa ya jina kubwa yaliyotundikwa kwa bei ya kutisha, na nimekuta magitaa ya wanafunzi yasiyo nazo.

Nyongeza, baada ya kusikia mliyosema.

Ndugu mmoja anasema jina lina thamani ya kuuza tena. Ni kweli kwa mtu binafsi, sina ubishi. Ila kanisa halinunui gitaa ili liliuze. Linanunua watoto wajifunze, na kwa bei ya Stratocaster moja ya Marekani unapata Squier nne au zaidi, hata ukishalipa VAT ya asilimia 16.

Mwingine amenigusa zaidi. Anasema jina ni kinga, kwamba ukinunua kitu cha jina huwezi kutapeliwa. Ndugu yangu, anayeigizwa ni yule mwenye jina! Nimeshika magitaa yaliyoandikwa Gibson ambayo hayajawahi kuijua Gibson. Geuza kichwa uangalie kile kibamba kidogo kinachofunika skrubu ya kunyooshea shingo. Kwenye Gibson halisi kwa kawaida kinashikwa na skrubu mbili, bandia nyingi zina tatu. Mhazini wa kwaya atalijua hilo wapi? Yeye ameambiwa alete Gibson, akaleta Gibson, na risiti anayo. Gitaa la mwanafunzi lisilo na jina kubwa halimvutii mghushi kwa kiasi hicho.

Na kuhusu heshima: yupo aliyeniambia kuna wenye hafla wanaomkataa mpigaji kwa sababu ya kilichoandikwa kwenye gitaa lake. Hili linaniuma. Wazee wa benga wapo bado mjini humu, na wengine hupiga chombo chochote wanachopewa jukwaani. Nani atathubutu kumwambia mzee wa namna hiyo ashuke?

Sasa nawaachia wahazini na viongozi wa kwaya, maana wapigaji tumeshasema sana. Mlionunua gitaa la jina kwa pesa za mchango, linapigwa na nani siku za wiki, au limefungiwa stoo kwa kuogopwa? Na lilipoharibika mara ya mwisho, fundi alilipwa kutoka mfuko gani?