Tupeane uzoefu: saa, mikanda na miwani ya kiume mtandaoni, punguzo lipi ni la kweli? (Dodoma na jirani)

MkaziWaIlazo

Wakuu, mbukwenyi.

Uzi huu ni wa wanaume wenzangu wa Dodoma, Kongwa, Manyoni, Singida, pamoja na kina dada wanaowanunulia waume zao. Tangu wizara zihamie na mji wa serikali wa Mtumba ujengwe, mji wetu umekuwa mji wa suti. Suti yenyewe si kazi, mafundi tunao. Kazi ni vile vidogo: saa, mkanda, pochi, tai, miwani. Madukani unakuta kopi inauzwa bei ya kitu halisi, na Bunge likianza vikao naona hata hiyo kopi inapanda. Ndiyo maana wengi tunaagiza nje, na huko kila kitu kina "punguzo la asilimia 70". Lipi la kweli?

Naanza mimi. Nilikuwa naitamani saa ya Orient, ile isiyotumia betri. Duka moja la Amazon limeweka dola 300 na ushee, limeikata mstari, chini yake dola 160. Kabla ya kulipa nikachukua kiungo cha bidhaa nikakipeleka kwenye CamelCamelCamel, tovuti ya bure inayoonyesha bei za Amazon zilivyokuwa zikipanda na kushuka huko nyuma. Keepa nayo ina kazi hiyo hiyo. Kumbe saa ile mwaka mzima ilikuwa inacheza kwenye 150 na 170. Hiyo 300 haikuwahi kulipwa na mtu. Ilishuka kweli mara moja tu, mwishoni mwa Novemba. Nikaiwekea alama kwamba ikifika 130 niletewe barua pepe, nikaendelea na maisha. Ilipofika nikanunua.

Kingine: maduka yanayowauzia watu wa Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, yanatakiwa kisheria kuonyesha bei ya chini kabisa ya siku 30 kabla ya punguzo. Yapo maandishi madogo chini ya bei. Mimi nasoma hayo, asilimia kubwa nyekundu siiangalii kabisa.

Karibuni, kila mtu aweke lake.

Chizi_wa_Zabibu

Naweka mkeka hapa. Mwenye njia ya pochi nzuri kwa bei chee asinisahau.

FundiSaaMzee

Wajukuu zangu hamjambo. Mimi natengeneza saa Majengo, nimezeekea kwenye meza hii, kwa hiyo nazungumzia kitu ambacho tayari kimekwishanunuliwa, kimeletwa kwangu.

Vijana wananiletea saa za "ofa". Inakuja saa nzito, nzuri kwa macho, imeandikwa Japan Movt. Maana yake mashine ndiyo ya Japani, si saa nzima. Hilo si baya hata kidogo. Nikifungua nyuma nikakuta Miyota, ambayo ni ya Citizen, au mashine ya Seiko, nafurahi, kwa sababu ikifa tunabadilisha mashine na saa inaendelea. Nikikuta kidude cheupe cha plastiki kisicho na jina wala namba, nairudishia mfuniko na kumpa mwenyewe pole. Kwa hiyo kabla hujashangilia bei, soma maelezo ya bidhaa utafute jina la mashine. Muuzaji anayejua anachouza hulitaja. Anayeandika tu "high quality" hana la kutaja.

Kioo. Hapa kwetu kuna upepo na vumbi, na vumbi letu lina chembe za mchanga. Mchanga ni mgumu kuliko kioo cha kawaida cha saa, ndiyo maana mnakuja na vioo vimejaa michoro. Kioo kigumu cha sapphire mchanga haukiwezi. Ukiona saa mbili za bei moja, moja punguzo kubwa kioo cha kawaida, nyingine punguzo dogo kioo cha sapphire, chukua ya pili.

Maji. Saa ikiandikwa 30M msiende nayo kuoga. Hiyo ni ya kunawa mikono na rasharasha. Wa kuogelea atafute 100 kwenda juu.

Na hii Casio ndogo ya plastiki, F-91W, iliyotoka mwaka 1989, mnaidharau kwa sababu ni ya bei ndogo, lakini kopi zake zimejaa. Bonyeza kitufe cha kulia ukishikilie kama sekunde tatu. Halisi inaandika CASIo kwenye kioo. Kopi nyingi zinakaa kimya, ingawa wajanja wameanza kuziiga hata hapo, kwa hiyo angalia na uzito wa mwandiko: kwenye halisi maandishi madogo ya mbele yananyooka, hayavuji rangi.

MamaTwins_SGD

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma yote kwa sauti, baba watoto anasikia.

Mimi ndiye mnunuzi wa nyumba hii. Niseme kuhusu miwani. Mmeshaona yale matangazo ya Ray-Ban kwa punguzo la asilimia 80 au 90, "leo tu", yenye saa inayohesabu kurudi nyuma? Mengi yake ni utapeli wa miaka mingi, tena unatumwa na akaunti za rafiki zako zilizodukuliwa. Ukiburuza ukurasa ukafunga, ukafungua kesho, ile saa inaanza upya. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza kabisa.

Punguzo nililolipata kweli lilikuja kwa njia nyingine: rangi isiyopendwa. Mtindo ule ule, fremu ile ile, nyeusi bei kamili, kahawia iliyochanganyika na kijani karibu nusu ya bei, kwa sababu msimu ulikuwa unaisha na wenzetu wanataka nyeusi. Saa pia hivyo hivyo, mkanda pia. Kabla hujafunga dirisha bonyeza kila rangi moja moja, bei hubadilika. Mume wangu ni maji ya kunde, kahawia imemkaa kuliko hiyo nyeusi.

Ilipofika nikaipeleka kwa mtaalamu wa miwani, ana kakifaa ka kupima kama kioo kinazuia mionzi ya jua (UV). Fanyeni hivyo jamani. Kioo cheusi kisichozuia mionzi kinaweza kuwa kibaya kuliko kutovaa, mboni inafunguka gizani na mionzi inaingia zaidi. Na jua letu la kati hapa mnalijua.

Chizi_wa_Zabibu

Shem, na pochi?

MamaTwins_SGD

Subiri zamu yako.

KaratasiZaForodha

Naona mnashangilia bei ya dukani. Mimi kazi yangu ni mizigo, ngoja niwaharibie sherehe kidogo.

Bei ya kulinganisha ni ile ya kitu kikiwa mkononi mwako Dodoma. Forodha wanachukua bei ya kitu, wanajumlisha usafiri na bima, ndipo wanapiga ushuru. Bidhaa nyingi zilizokamilika kwa utaratibu wa Afrika Mashariki ni 25%. Halafu VAT 18%, nayo haipigwi kwenye bei ya dukani, inapigwa juu ya jumla yenye ushuru ndani. Chukua saa ambayo pamoja na usafiri imefika dola 100. Ushuru 25. VAT ni 18% ya 125, yaani 22.50. Tayari uko 147.50, na kuna tozo nyingine ndogondogo, ikiwemo ya maendeleo ya reli. (Mkipanda SGR kwenda Dar mjue saa zenu zimechangia tuta.)

Wapenzi wa ngozi wawe makini zaidi. Tangu Julai 2022 kuna kundi la 35%, na bidhaa za ngozi zimetajwa humo. Uliza kundi la bidhaa yako kabla hujalipa, usisubiri kuuliza kaunta.

Kwa hiyo punguzo la 20% la duka ambalo usafiri wake ni dola 40 linaweza kushindwa na duka lisilo na punguzo lolote lenye usafiri wa dola 12. Na msiombe muuzaji aandike "zawadi, dola 5". Bei ya kitu inatafutwa kwa dakika moja mtandaoni, wenzenu wana simu kama zenu.

Ng'ong'ona_Finest

Wakubwa shikamooni. Mimi mwanafunzi hapa UDOM, nauza mikanda ya saa na pochi hosteli, najilipia vocha na chakula.

Njia yangu ni kuagiza kwa kundi. Mkanda wa kiunoni pamoja na chuma chake haufiki nusu kilo, lakini mawakala wengi wa mizigo kutoka China wana kiwango cha chini cha kuchaji, kwa hiyo ukiagiza mmoja unalipia hewa. Tunajikusanya chumba kizima, duka moja, mzigo mmoja. Hapo tunapata pia kuponi ya "ukinunua zaidi ya dola kadhaa toa kadhaa", ambayo mtu mmoja hafikii. Kutoka Dar mzigo unakuja na basi, tunauchukua stendi Nzuguni.

11.11 (mauzo ya punguzo ya tarehe 11 Novemba) ipo kweli, Alibaba waliianza 2009, ila wiki mbili tatu kabla baadhi ya maduka yanapandisha bei kimyakimya. Mimi mwanzoni mwa Oktoba napiga picha ya skrini ya kila nilichokiweka kikapuni. Tarehe kumi na moja nalinganisha. Vingi vinabaki palepale, vichache vinashuka kisawasawa, hivyo ndivyo nanunua.

Kwenye AliExpress, duka la mtandaoni la Alibaba hao hao, pesa yako inashikiliwa mpaka uthibitishe kupokea au muda wa ulinzi wa mnunuzi uishe. Usithibitishe kwa sababu muuzaji amekubembeleza na maua ya emoji. Fungua kifurushi huku mtu anakurekodi, lebo ionekane, ndipo uthibitishe.

Halafu kuna hizi kurasa za Instagram za saa nyembamba za "Uswisi", bei ilikuwa 199 sasa 39, au "bure, lipia usafiri tu". Pakua picha, itafute kwa Google Lens. Utaikuta ile ile kwa dola chache kwa muuzaji wa jumla, haina hata jina.

Kaka Zabibu, pochi ninazo.

Chizi_wa_Zabibu

Hatimaye! Ngozi au "ngozi"?

Ng'ong'ona_Finest

Nyingi PU, yaani ngozi bandia ya plastiki, na nawaambia wateja ni PU, bei inaendana. Chache ni ngozi. Angalia ukingo ulipokatwa. Ngozi nzima ukingo wake unaonekana kama nyuzi zilizoshikamana, rangi moja mpaka ndani. Ukiona utando juu na kitu kama kitambaa au kadibodi katikati, hiyo itabanduka msimu mmoja wa kiangazi. Na maandishi "genuine leather" yasikutetemeshe, yanasema tu kwamba kuna ngozi, hayasemi ni tabaka lipi. Muuzaji mwenye ngozi ya juu kabisa huandika full grain na anakuonyesha picha ya ukingo. Asipokuwa nayo picha hiyo, iombe.

Mnyalukolo_Dom

Kuna punguzo moja hamjaligusa. Maduka ya Uingereza bei yake ina VAT yao ya 20% ndani. Mzigo ukitoka nje ya nchi yao, duka linaruhusiwa kutoitoza. Si yote yanafanya, ila yanayofanya, ukibadilisha tu nchi ya kupelekewa ikawa Tanzania, kitu cha pauni 120 kinasoma 100 bila kuponi wala siku maalumu. Nimenunua tai na mkanda hivyo.

Mtego ni mmoja: ukitumia anwani ya ndugu yako aliyeko kule, kwa duka mzigo haujatoka nchini, unalipa VAT yao, na ukifika hapa unalipa ya kwetu. Piga hesabu zote mbili. Ndugu akija likizo na mkanda begini hiyo ni habari nyingine.

Kingine kidogo: ukilipa kwa kadi ya M-Pesa Visa au ya benki, duka likikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa pauni, chagua sarafu ya duka. Kiwango chao cha kubadilisha kuwa shilingi huwa kina faida yao ndani.

Mzee_wa_Sabasaba

Mnateseka bure. Tai za hariri zipo kwenye mitumba pale Sabasaba, elfu mbili elfu tatu, mnazipita mnakimbilia dola. Chomoa uzi mmoja nyuma ya mshono, uwashe. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, ni hariri. Ukiyeyuka ukawa kitone kigumu, ni poliesta. Mwenye meza akikukataza kuchomoa uzi, hama meza.

MkaziWaIlazo

@Mzee_wa_Sabasaba hapo kwenye tai nakuunga mkono mia kwa mia. Mkanda wa mtumba ndio siuwezi, umeshachukua tumbo la mtu.

Na kuhusu mikanda, naongeza saizi, maana kurudisha mzigo kutoka Dodoma kunakula zaidi ya bei ya mkanda, kwa hiyo ukikosea saizi punguzo lote limekwenda. Ya Wamarekani chukua kiuno cha suruali ongeza inchi mbili. Suruali 34, mkanda 36. Wachina wanaandika sentimita, na mara nyingi 115 au 120 ni urefu wa mkanda wote, si wa kiuno. Pima mkanda unaouvaa sasa, kuanzia unapoanza chuma hadi tundu unalotumia, umtumie muuzaji hiyo namba.

KaratasiZaForodha

Na mwombe akuandikie jibu humo humo kwenye ujumbe wa duka, si WhatsApp. Mkifika kwenye malalamiko, duka linasoma ya kwake tu.

MamaTwins_SGD

Mzee FundiSaa, tunakuja Dodoma wiki ijayo, baba watoto ana Seiko imeingia ukungu ndani ya kioo. Unapatikana saa ngapi?

FundiSaaMzee

Mwanangu, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja. Asiivae tena mpaka aniletee, asiivute ile taji pembeni, na asiiweke juani ikauke, mvuke utarudi kwenye mashine. Jumapili sifungui.