Ushirika wa Wakristo wanasayansi Kisumu: tumchague mchungaji, profesa, au nani?

Mama_Slaidi (Kisumu)

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naomba maoni yenu kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo tunachagua viongozi na mimi ndiye katibu anayeandaa kikao.

Kazi yangu ni maabara. Nasoma slaidi za malaria, yaani vioo vilivyopakwa damu, katika kituo cha utafiti hapa Kisumu. Jioni, mara moja kwa mwezi, tunakutana katika ukumbi wa kanisa, sisi Wakristo tunaofanya kazi za sayansi mjini na pembezoni mwake. Kuna wauguzi wa utafiti, vijana wa takwimu, mwalimu wa fizikia wa sekondari kule Kondele, ndugu anayepima maji ya ziwa, na wawili wanaotoka Mbita ambako hupanda mmea wa desmodiamu katikati ya mahindi ili kuzuia gugu la kayongo. Tunasoma Neno, tunaombeana, kisha mmoja anasimama kutueleza anachofanya kazini.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo naipenda kuliko zote. Mama mmoja wetu hufuga mbu. Siku yake ilipofika alituambia kwamba kuna ukoo wa mbu unaoitwa Kisumu, jina la mji wetu huu, na kwamba maabara za nchi nyingi huufuga kwa sababu hauna usugu wa dawa. Ukitaka kujua kama dawa ya chandarua bado inaua, unaijaribu kwa mbu hao na pia kwa mbu wa mtaani, halafu unalinganisha. Akafungua Zaburi ya 104 akasoma matendo ya Bwana yalivyo mengi. Halafu akaomba tumwombee, kwa sababu mbu anaokusanya vijijini hawafi tena kama zamani. Watu wazima walilia. Sijawahi kusikia maombi ya namna ile mahali pengine popote.

Sasa shida. Mchungaji aliyetuanzishia ushirika amehamishwa na kanisa lake. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti, mhubiri, mtia sahihi wa benki na mwenye funguo za ukumbi. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini ameondoka na wanachama wamegawanyika. Wengine wanataka tuombe kanisa litupe mchungaji mwingine. Wengine wanamtaka profesa mmoja mwenye jina kubwa, ambaye akiandika barua wafadhili wanaifungua. Mimi namtaka mtu ambaye bado anashika kazi kwa mikono yake, na ambaye yuko tayari kusahihishwa mbele ya watu.

Nieleze kwa nini. Kwetu slaidi moja husomwa na watu wawili. Mimi naipaka mafuta, naiweka chini ya lenzi ya 100, nahesabu vimelea dhidi ya chembe nyeupe 200 za damu, naandika, naifunga karatasi. Msomaji wa pili anaisoma slaidi ileile bila kuona nilichoandika. Tukitofautiana kupita kiasi, anaitwa wa tatu. Hakuna anayeuliza nani ana cheti kikubwa. Naona kiongozi wa ushirika kama wetu angekuwa mtu aliyelelewa na utaratibu huo, asiyeudhika msomaji wa pili anapoleta hesabu nyingine.

Na nina sababu ya pili. Kuna ndugu wa jiolojia aliwahi kutueleza umri wa miamba ya Bonde la Ufa. Mzee mmoja akasimama akamwambia kwamba anayesema hayo hajaokoka. Ukumbi ukanyamaza, tukafunga kwa maombi, tukaenda nyumbani. Ndugu yule hajarudi. Hakuna kiongozi aliyempigia simu wala aliyemtembelea. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wenzetu waliotangulia waliwezaje? Kuna anayejua ushirika kama huu kwingineko ulivyochagua viongozi wake?

Mwalimu_wa_Mawimbi (Kakamega)

Dada, shalom. Nafundisha fizikia chuoni na jambo hili nimelifuatilia kwa miaka, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu kidogo. Nivumilie.

Wamarekani walianza mwaka 1941. Rais wa taasisi ya Biblia ya Moody kule Chicago aliwaalika wanasayansi wachache Wakristo, wakafika watano, wakaanzisha American Scientific Affiliation. Angalia jambo hili vizuri kwa sababu linagusa swali lako moja kwa moja. Mwaliko ulitoka kwa mhubiri, lakini kiti hakukalia yeye. Aliyekalishwa ni F. Alton Everest, mhandisi wa umeme, mtu wa mambo ya sauti, akaongoza miaka 10 ya kwanza. Kanisa lilifungua mlango na wanasayansi wakaongozana wenyewe.

Uingereza ilikuwa hivyohivyo. Katika miaka ya 1940 Oliver Barclay, kijana wa zoolojia pale Cambridge, aliwakusanya Wakristo waliokuwa wakifanya utafiti, na ushirika uliotokana nao leo unaitwa Christians in Science. Kati ya marais wake alikuwemo R. J. Berry, profesa wa jenetiki wa chuo kikuu cha London, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuchunguza panya wa visiwani. Mtu aliyekuwa akitega panya kisiwani Skokholm, anawakagua mmoja mmoja, na papo hapo anahudumu katika kanisa la Anglikana. Wamarekani nao wamewahi kuongozwa na Jennifer Wiseman, mtaalamu wa nyota aliyefanya kazi ya darubini ya Hubble huko NASA. Huyo mwaka 1987, akiwa bado mwanafunzi, aliketi akachunguza picha za anga zilizopigwa na mtu mwingine, akaona kitu ambacho mpiga picha hakukiona. Ilikuwa nyota-mkia, na leo ina majina yao wote wawili. Msomaji wa pili huyo, dada yangu.

Kuhusu ndugu yenu wa jiolojia. Hilo liliwapata Wamarekani vilevile, na kwa ukubwa. Mwaka 1950 J. Laurence Kulp, mtaalamu wa kupima umri wa vitu, alichapisha katika jarida lao makala ya kupinga jiolojia ya Gharika, yaani mafundisho kwamba miamba ilitokana na Gharika ya Nuhu. Mabishano yaliendelea miaka mingi, na 1963 baadhi ya walioona ushirika umelegea wakaanzisha jumuiya yao, Creation Research Society. Waliobaki hawakuwafukuza wenzao na hawakukubali kufungwa midomo. Tamko lao la imani lina mambo manne tu: Biblia, imani ya Mitume na ya Nikea, kwamba Mungu ameumba ulimwengu wenye utaratibu unaoweza kuchunguzwa, na kwamba tumepewa wajibu wa kuutunza. Katika mambo ambayo Wakristo waaminifu wanatofautiana, ushirika wenyewe hauchukui upande, na mwanachama anaruhusiwa kuchukua.

Ninyi mnalo tamko? Kama hamna, uchaguzi wenu utageuka kura ya maoni juu ya umri wa dunia, na hapo atashinda mwenye sauti kubwa.

Ngano_Njoro (Nakuru)

Mimi niko Njoro, kwenye ngano. Huku hupandwa aina za ngano kutoka nchi nyingi ili zishambuliwe na ugonjwa wa kutu ya shina, hasa ile jamii ya Ug99 iliyotokea Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Unatembea mstari kwa mstari na kijitabu, unainama, unashika shina, unaandika limeliwa asilimia ngapi. Viatu vinajaa matope, na kidole kinabaki na unga mwekundu.

Nasema hivi kuhusu profesa: nampenda profesa. Lakini mtu mwenye jina kubwa ana safari nyingi. Kwetu tulimchagua mmoja, mcha Mungu kabisa, na mwaka ule kikao kilifanyika pale tu alipokuwa nchini. Kijana aliyefiwa na mama yake kule Molo alisaidiwa mazishi na majirani, sisi tulisikia baadaye. Ushirika wa wanasayansi bado ni ushirika. Kiongozi ni wa kwenda matanga, kukaa na mtu ambaye mradi wake umefungwa na mkataba haukuendelezwa. Siku hizi hao ni wengi.

Mpeni profesa ulezi. Awaandikie barua za wafadhili, aje kufundisha mara moja kwa mwaka. Uenyekiti apewe mtu anayepatikana.

Mchungaji_wa_Mlimani (Bungoma)

Bwana asifiwe. Naongea kama mchungaji, na naomba nisikilizwe bila kuonekana napigania cheo.

Mwalimu ameeleza vizuri, ila naona hatari. Watu waliosoma wakikaa peke yao huanza kuzungumza kazi, na Neno linabaki la dakika tano za kufungulia kikao. Nimeona kikundi cha wataalamu kikawa chama cha kukopeshana. Mahubiri yalikufa kwanza, halafu maombi. Nani atawalisha? Nani atamwambia mwenyekiti, ndugu, hapo umekosea mbele za Mungu?

Tena si kweli kwamba mtu ni wa maabara au wa madhabahu. John Houghton, yule Mwelshi aliyesimamia tathmini za kisayansi za jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi tangu 1988 hadi 2002, alikuwa mzee wa kanisa la Presbyterian. Mwaka 1997 alianzisha John Ray Initiative, na akawa akizunguka kuwaambia Wakristo wenzake kwamba anayechafua anga anamdhulumu jirani maskini. Mtu wa namna hiyo ni mwanasayansi na ni mchungaji wa watu, hata kama hana kola. Tafuteni huyo.

Kuhusu mzee aliyemwambia ndugu hajaokoka: huyo alihitaji kukemewa palepale kwa upole, na kazi hiyo ilikuwa ya mchungaji. Naungana na dada katika uchungu wake.

Binti_wa_Takwimu (Kisumu)

Nilikuwa ukumbini siku ile ya jiolojia. Mama Slaidi hajasema kwamba yeye ndiye aliyemsindikiza ndugu yule hadi stendi ya boda.

Nina ombi moja. Majina yote matatu yanayotajwa kwenye mazungumzo ya wanachama ni ya wanaume, na ukihesabu wanaohudhuria, akina mama ni wengi. Wanaopanga viti, wanaoleta chai, wanaokumbuka nani mgonjwa, tunawajua. Mama wa mbu angekubali kama angeombwa. Lakini kikao kianze saa kumi badala ya saa kumi na mbili, tuwahi matatu ya Ahero kabla ya giza. Hilo peke yake litabadilisha nani anaweza kugombea.

Mama_Slaidi (Kisumu)

Mungu awabariki wote. Nimesoma kila jibu mara mbili, na mengine nimemsomea mume wangu.

Mchungaji, umenigusa. Hofu yako ni ya kweli na nimeiandika. Nitapendekeza tuwe na mchungaji mlezi, aliye na haki ya kufundisha kila kikao na kumwonya mwenyekiti, lakini asiye na kura wala sahihi ya benki. Nadhani hilo linamlinda hata yeye. Huyu aliyeondoka alichoka kwa kubeba yote, na alipohamishwa hatukujua hata nywila ya akaunti iko wapi.

Mwalimu, tamko hatuna. Tulikuwa na katiba ya kurasa mbili, iliyonakiliwa kutoka kikundi cha akina mama, na ndani yake kuna faini ya kuchelewa lakini hakuna neno juu ya imani. Nimeanza kuandika rasimu kwa Kiswahili. Nimeweka kwamba ulimwengu ni kazi ya Mungu na unachunguzika, nimeweka wajibu wa kutunza ziwa na ardhi, na sentensi inayosema ushirika haupigi kura juu ya jambo ambalo waamini waaminifu wanatofautiana. Nimeweka pia kwamba mwenyekiti anakaa miaka miwili, anaweza kurudia mara moja, basi. Sijaweka sharti la shahada. Nimeandika "awe anafanya kazi ya sayansi au aliifanya hadi kustaafu, na awe amewahi kuhudumia ushirika".

Ndugu wa Njoro, umenikumbusha matanga. Hilo litaingia kama kazi ya kwanza ya mwenyekiti, kabla ya kuongoza vikao. Mwanachama akifiwa, akilazwa au akipoteza kazi, mwenyekiti anafika au anamtuma mtu ndani ya wiki.

Binti yangu, saa kumi nimeikubali, na jina la mama wa mbu nitalipeleka mimi mwenyewe, ila nimuulize kwanza uso kwa uso. Wewe nitakuomba ukubali ukatibu msaidizi. Usikatae kabla hatujazungumza.

Ndugu wa jiolojia nimempigia jana jioni. Yuko Homa Bay siku hizi, anachimba visima. Tuliongea muda mrefu juu ya maji ya chumvi na watoto wake, na juu ya siku ile. Amesema uchaguzi hataweza kuja, lakini ameomba nimtumie rasimu aisome, na amesema atairudisha na alama nyekundu. Nimemtumia usiku huohuo.