MJADALA: Kampuni ya simu ina haja gani ya kumiliki studio ya katuni?

Mleta mada

Wadau, turudi kwenye ile ya SoftBank na DreamWorks Animation. Mwishoni mwa Septemba 2014 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba kampuni hiyo ya simu ya Japani, ya Masayoshi Son, inataka kuinunua studio ya Jeffrey Katzenberg kwa dola 32 kwa hisa, jumla kama dola bilioni 3.4. Ijumaa hisa ilikuwa imefunga kwa dola 22 na ushee. Jumatatu ikaruka asilimia 26. Ndani ya siku chache mazungumzo yakapoa, SoftBank wakapeleka dola milioni 250 kwa Legendary, kampuni nyingine ya filamu ya Marekani, na kuchukua fungu dogo tu la umiliki.

Msimamo wangu ni kwamba heri dili lile lilikufa. Mwenye mtandao anachotaka ni mteja anunue bando na asihame. Kwa hilo anahitaji haki za kuonyesha katuni. Mishahara ya wachoraji wa California inamhusu nini? Katuni moja ya sinema hula miaka mitatu, minne, na zaidi ya dola milioni 100 kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Ikibuma, imebuma. Filamu ya DreamWorks ya mwishoni mwa 2012 iliwalazimu kufuta dola milioni 87 vitabuni, yaani kuzihesabu hasara, na Januari 2015 wakatangaza kupunguza wafanyakazi 500. Huo mzigo angeubeba Son, ambaye tayari alikuwa na Sprint, kampuni ya simu ya Marekani aliyoinunua 2013, huku mpango wa kuiunganisha na mshindani wake T-Mobile ukiwa umekwama Agosti 2014 kwa sababu wadhibiti wa Marekani hawakuutaka.

Mkitaka mhusika wa kupendwa, SoftBank wanaye. Kwenye matangazo yao ya Japani, tangu 2007, baba wa familia ni mbwa mweupe anayeongea. Hawakununua studio kumpata.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hesabu umeikatia njiani. Agosti 2016 NBCUniversal, kampuni ya filamu na televisheni iliyo chini ya Comcast, walikamilisha kuinunua DreamWorks Animation hiyohiyo kwa dola 41 kwa hisa, kama bilioni 3.8. Son angeipata kwa 32! Hata angekaa nayo miaka miwili bila kutoa filamu ya maana, angeiuza na faida.

Halafu unapima studio kwa filamu iliyobuma. Anayenunua studio ananunua hazina yake: Shrek, Kung Fu Panda, Madagascar. Mtoto aliyezaliwa juzi kwake Shrek ni mpya kabisa. Mwenye kukodi haki, mkataba ukiisha anarudi mezani kubembeleza, na bei imepanda.

Suala la uwezo ndiyo kabisa usiliguse. Alibaba, kampuni ya biashara ya mtandaoni ya China ambayo Son aliiwekea dola milioni 20 mwaka 2000, ilikuwa imeingia soko la hisa la New York siku chache tu kabla ya taarifa hizo, kwa hiyo mali hakukosa.

Mchangiaji wa pili

Wajapani na Hollywood walishaumwa na nyoka. Sony walipoichukua studio ya filamu ya Columbia mwaka 1989 kwa dola bilioni 3.4, jarida la Newsweek lilimvika kimono yule mama wa nembo ya Columbia, likamweka ukurasa wa mbele. Wamarekani wakaona wanavamiwa. Kumbe aliyeumia ni mnunuzi: mwaka 1994 Sony wakafuta dola bilioni 2.7. Matsushita, Wajapani wengine wa vifaa vya umeme, nao waliinunua MCA, wenye studio ya Universal, 1990, na kufikia 1995 wakawa wameuza asilimia 80 kwa Seagram, kampuni ya vinywaji ya Kanada. Ila niwe mkweli, Sony hawakukimbia, Columbia wanayo mpaka leo na inawalipa.

Mleta mada

Nakubali ile 41, lakini nani alilipa? Comcast, wenye viwanja vya burudani vya Universal. Mwaka 2024 wamefungua eneo zima la DreamWorks kule Orlando. Shrek anauza tiketi, chakula na midoli. SoftBank Shrek wangemweka wapi, kwenye duka la laini?

Na waliojaribu njia ya simu wapo. AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, waliinunua Time Warner, kampuni ya filamu na televisheni, 2018 kwa zaidi ya dola bilioni 85. Aprili 2022 walikuwa wameshaitoa mikononi, ikaungana na Discovery, kampuni nyingine ya televisheni. Kampuni kubwa, wanasheria wa kila aina, walishinda hata kesi ya serikali, na bado hawakufika popote.

Mchangiaji wa kwanza

Comcast ni nani, mkuu? Si wauza intaneti na televisheni ya nyaya? Viwanja hivyo hawakuzaliwa navyo, walivipata walipoichukua NBCUniversal mwaka 2011, kwa ununuzi wa aina hiihii unayoipinga. Kwa hiyo usituambie kampuni ya mawasiliano haiwezi kumiliki studio. Sema AT&T walikuwa na madeni na hawakuwa na subira, na kwamba una shaka kama Son angekuwa nayo. Hapo hata mimi nitakaa nikusikilize.