Defender, Malwarebytes, AdwCleaner au kupiga window upya: ipi inaondoa matangazo yanayoruka kwenye PC ya nyumbani?

mama_wa_tabata
Wakuu habari za jioni. PC yetu ya nyumbani (desktop, Windows 10, ram 4) inatumiwa na kila mtu, watoto wanafanyia kazi za shule, mi naandikia mahesabu ya kikoba. Sasa hivi haikaliki, kila mara kona ya chini kulia kinachomoza kibox kinasema McAfee imeisha muda na kompyuta imejaa virusi, kikiondoka kinakuja cha kubeti, kikiondoka hicho yanakuja mapicha ambayo sitaki kabisa wanangu wayaone. Fundi wa mtaani anataka apige window upya, shemeji anasema weka Malwarebytes, jirani anasema AdwCleaner, mwingine anasema Defender, antivairasi iliyomo ndani ya Windows, inatosha. Nianze na ipi? Bando ni la kubana jamani msinipe vitu vizito.

KakaWaMitandao
Dada usimlipe mtu bado. Hicho kibox kikichomoza tena usikibonyeze popote, kisome tu. Kuna maandishi madogo yanayoonyesha jina la brauza, mfano Google Chrome, na anwani ya tovuti usiyoijua. Ukiona hivyo ujue hiyo ni notifikesheni, wala sio kirusi. Kuna mtu hapo nyumbani alikuwa anatafuta muvi au mpira wa bure, ukurasa ukamwambia bonyeza Allow kuthibitisha wewe si roboti, akabonyeza, tangu siku hiyo tovuti ile ina ruhusa ya kuwatupia chochote. McAfee wenyewe hawahusiki, matapeli wanatumia jina lao ili mtu aogope akalipie.

Ndo maana antivairasi unaweza kuiskanisha mpaka asubuhi isione kitu, hamna faili la kukamata pale, kuna ruhusa tu. Kwenye Chrome nenda vidoti vitatu, Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications, halafu toa kila jina lililoruhusiwa ambalo hulijui na uchague tovuti zisiruhusiwe kuomba tena. Bando halitumiki hata kidogo. Kama mnatumia na Edge au Firefox fanya na huko, kila brauza ina orodha yake.

FundiTandale
Mi kwa uzoefu wangu kupiga window ndo dawa, unafuta kila kitu unaanza upya, hayo mengine ni kuzungushana. Mashine ikishaingia uchafu huwezi kujua umebaki wapi.

msomaji_kimya
Mkuu FundiTandale nakuheshimu ila hapo sikubaliani. Kwanza anaingia gharama na anaweza kupoteza mahesabu ya watu kama hakuyahifadhi pembeni. Pili, ekstensheni (viprogramu vidogo vya kuongeza kwenye brauza) za Chrome zinafuata akaunti, umepiga window vizuri kabisa, mwenye PC akiingiza tu Gmail yake na sync (ile ya kurudisha vitu vya akaunti kwenye kila kifaa) ipo on, ile ekstensheni mbovu inarudi yenyewe, basi mteja anasema fundi hajui kazi. Tatu, na hili ndo linaniuma, wengi mtaani wakimaliza kupiga window wanaweka activator ya bure (ya kuifanya Windows ijione imelipiwa), na ili ikubali wanazima Defender. Sasa umesafisha nini? Vitu vya crack, yaani programu za kulipia zilizochakachuliwa, ndo njia kubwa ya wezi wa paswedi. Mei 2025 Microsoft walitangaza wameibomoa mitambo ya Lumma, kirusi cha kuiba paswedi, na walisema ndani ya miezi miwili tu walikuta kompyuta zaidi ya 394,000 zimeambukizwa. Kupiga window kuna mahali pake, mfano Defender inazimwa kila ukiiwasha au kitu kinarudi kila ukikifuta. Kwa matangazo hapana.

FundiTandale
Hilo la sync ni kweli mkuu, nimewahi kuliona kwa wateja. Ila mama asiache kuskani.

bint_mvita
Salaam kutoka Mombasa. Hizo tatu dadangu zina kazi tofauti, usizione kama ni wapinzani.

AdwCleaner ni kijifaili kidogo, haiinstoliwi, unaifungua tu inatafuta adware (programu za kurusha matangazo), ekstensheni mbovu na vile viprogramu vinavyobadilisha ukurasa wa kutafutia. Kwa shida yako na bando lako, baada ya kutoa notifikesheni mimi ningeenda nayo hii. Soma orodha kabla ya kukubali kufuta maana inataja hata programu zilizokuja na mashine kutoka kiwandani, hizo si lazima uzitoe. Iwe ni ya tovuti ya Malwarebytes wenyewe, wao ndio waliinunua 2016, usichukue tovuti nyingine maana kuna za bandia.

Malwarebytes yenyewe ni nzito zaidi, inachimba kwa kina. Ukiweka inakupa siku 14 za ile ya kulipia, zikiisha inabaki ya bure ambayo inaskani ukiiambia tu, haikulindi saa zote. Kwa ram 4 mimi ningeiweka, niskani, niitoe.

Defender ndiyo mlinzi wa kila siku, na kwa nyumbani yatosha. Ina vitu viwili watu hawavitumii. Ndani ya Windows Security kuna App & browser control, humo uwashe Potentially unwanted app blocking, inazuia yale maprogramu yanayoingia kwa kujificha ndani ya programu nyingine. Halafu kwenye Scan options kuna offline scan, mashine inajizima na kuwaka na kuskani kabla Windows haijaamka, kwa hiyo kirusi kinapata tabu kujificha. Hifadhi kazi zako kwanza.

mama_wa_tabata
Asanteni sana wakuu. Nimekuta kwenye Notifications majina ya ajabu yamejaa, nimeyatoa yote, vibox vimekata. AdwCleaner nayo imekamata ekstensheni ya kubadilisha PDF ambayo sikuiweka mimi. Je nibadilishe na paswedi? Na Windows 10 si wanasema imeisha?

msomaji_kimya
Badilisha dada, anza na Gmail, na ufanyie kwenye simu ambayo unaiamini, halafu kwenye akaunti toa vifaa vyote usivyovitambua. Ekstensheni inaweza kusoma kila unachoandika kwenye brauza. Hakikisha imetoka kwenye Chrome ya kila mtu hapo nyumbani.

Windows 10 masasisho ya kawaida yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Defender yake itaendelea kupokea orodha mpya za virusi mpaka Oktoba 2028, ila orodha hizo haziwezi kuziba matundu ya Windows yenyewe. Ingia Windows Update uone kama inakupa kujiandikisha ESU, yaani masasisho ya usalama ya ziada.

KakaWaMitandao
Na watoto wafungulie akaunti yao isiyo ya administrator, wakitaka kuinstall kitu itaomba paswedi yako. Matangazo ya ndani ya kurasa weka kizuizi cha matangazo kinaitwa uBlock Origin kwenye Firefox, Chrome siku hizi inakubali ile Lite tu. Flashi zinazotoka steshenari uziskani kabla hujafungua kitu, hasa ukikuta mafolda yote yamegeuka shortcut.